Barua ya wazi kwa wenye mamlaka: mkitukatalia, tuonyesheni kifungu

Waheshimiwa watunga sheria, wakuu wa idara, na ninyi watumishi mnaotuhudumia dirishani,

Salamu kwenu. Naandika kuhusu jambo tunalolizungumza sana tukiwa kwenye foleni na kwenye mabenchi ya kusubiria, lakini halifiki mezani kwenu, kwa kuwa anayelijua vizuri zaidi ni yule aliyekwisha kukata tamaa akajiendea zake. Ofisi za umma zina sheria zilizoandikwa. Zina pia masharti ambayo hayakuandikwa popote, na mara nyingi hayo ndiyo yanayoamua nani ahudumiwe leo na nani aambiwe arudi kesho. Ninachoomba ni kwamba sharti lolote linaloweza kumnyima mtu haki yake liandikwe, libandikwe mahali pa kusomeka, na liwe na jina la aliyeliweka. Lisiloweza kuandikwa lifutwe.

Sina ugomvi na desturi. Maisha yetu yangekuwa ya tabu sana bila kanuni zisizoandikwa. Watu wasiojuana hupanga foleni bila askari wala kamba; anayefika anauliza, "Nani wa mwisho?", anaonyeshwa, anakaa nyuma yake, na akitoka kidogo anamwomba jirani amshikie nafasi, na nafasi inashikwa. Mzee mwenye mkongojo anapishwa kiti. Aliyeambiwa siri ya mwenzake anaitunza. Hakuna bunge lililopitisha hayo. Anayeyavunja anatazamwa vibaya, anasemwa, anapoteza heshima yake, na kwa kawaida hiyo ni adhabu ya kutosha. Naziheshimu kanuni hizo kwa sababu wanaozitunza ni walewale wanaobanwa nazo. Leo mimi nakupisha, kesho wewe utanipisha.

Mambo hugeuka pale desturi inapohamia upande mmoja wa kioo. Mwenye mhuri anaijua, mwenye shida haijui. Mwenye mhuri anaweza kuilegeza kwa amtakaye na kuikaza kwa asiyemjua, na hakuna mahali pa kwenda kuisoma ili umwambie kwamba amekosea. Hiyo si desturi ya watu tena. Ni amri, ila amri isiyo na mwenyewe.

Nitaeleza niliyoyaona katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Tangazo lilikuwa ukutani, limebandikwa kwa gundi, wino wa mhuri umepauka, na lilitaja vitu vitatu: fomu iliyojazwa, nakala ya kitambulisho, na picha mbili. Mbele yangu alikuwapo mama mmoja wa makamo. Karatasi zake alizipanga ndani ya bahasha ya plastiki kwa mfuatano uleule wa tangazo, na alipofika dirishani alizitoa moja moja akiziweka chini ya kioo. Mtumishi akazipitia, akazirudisha.

"Barua ya utambulisho iko wapi?"

"Mwanangu, pale ukutani mmeandika vitu vitatu."

"Lile tangazo la zamani, mama. Siku hizi tunadai na barua."

"Sasa hiyo barua naandikiwa na nani?"

"Ulizia hapo nje, watakuelekeza."

Hakubishana. Alizipanga tena karatasi zake, akaondoka. Hazikupita dakika nyingi akaingia kijana mmoja akiongozana na mtumishi mwingine aliyetokea mlango wa pembeni. "Huyu ni mgeni wangu," akasema yule mtumishi, na faili likapokewa. Nilikuwa karibu kiasi cha kuziona karatasi zikigongwa mhuri: fomu, nakala ya kitambulisho, picha. Barua haikuwamo, wala haikuulizwa.

Sijui kama kuna fedha iliyopita mkononi kwa mtu, na sitamzushia yeyote. Mtumishi wa dirishani hakuwa na kiburi. Alimwita yule mama kwa heshima na kumjibu kwa upole. Inawezekana kabisa kwamba barua ile ilianza kudaiwa kwa sababu nzuri, pengine watu walikuwa wanaleta vitambulisho vya kughushi. Basi iandikwe. Kinachoniuma ni kwamba sharti lilelile lilikuwa ukuta kwa mmoja, na kwa mwingine halikuwapo kabisa, na wote wawili walikuwa ndani ya chumba kimoja, chini ya tangazo moja.

Na jiulizeni, yule mama angelalamika wapi, na angelalamikia nini? Rufaa inahitaji uamuzi, na uamuzi unahitaji mtu aliyeuandika. Yeye aliondoka bila hata kipande cha karatasi. Kwenye kumbukumbu za ofisi hakukataliwa. Kwa hakika siku ile hakufika. Mkipokea taarifa ya mwezi mtasoma idadi ya maombi yaliyopokelewa na yaliyokamilika, na hesabu itapendeza, kwa kuwa waliogeuziwa dirishani hawahesabiwi popote.

Tatizo hili si geni, wala si la nchi moja. Katika Roma ya kale watu wa kawaida walidai kwa miaka mingi kwamba sheria ziandikwe, kwa sababu aliyekuwa anazijua ni tabaka la mabwana peke yake, na kila hukumu ilikuwa kama walivyoisema wao. Mwaka 451 kabla ya Kristo ikaundwa tume ya watu 10, na matokeo ya kazi hiyo yakawa mbao 12 za sheria zilizowekwa hadharani. Ungedhani mambo yaliishia hapo. Hayakuishia. Sheria zilikuwa wazi, lakini namna ya kuzitumia ilibaki siri. Ili kufungua kesi ilikubidi utamke maneno maalumu bila kukosea, na kesi ilisikilizwa siku fulani tu. Maneno hayo na siku hizo zilikuwa mikononi mwa makuhani waliotoka katika tabaka lilelile la mabwana. Kwa hiyo Mrumi wa kawaida aliweza kuisoma haki yake uwanjani, kisha ikabidi aende kumpigia magoti bwana mmoja ili aambiwe leo ni siku ya kudai au siyo.

Ilichukua karibu miaka 150 hadi mwaka 304 kabla ya Kristo, pale karani mmoja aitwaye Gnaeus Flavius, mtoto wa mtu aliyewahi kuwa mtumwa, alipoyatangaza yale maneno ya kufungulia kesi na kuibandika kalenda ya siku za mahakama kwenye ubao mweupe kuzunguka uwanja wa mji. Wakubwa walichukia sana. Sishangai. Flavius hakutunga sheria hata moja. Alichofanya ni kuwaambia watu mlango unafunguliwaje na unafunguliwa lini, na kwa kufanya hivyo aliwaondolea wakubwa kazi ya kuombwa.

Nimekaa na habari hii kwa urefu kwa sababu naona tumesimama palepale. Nchi nyingi leo zina katiba nzuri na sheria zilizochapishwa kwenye gazeti la serikali. Kusoma nyaraka za serikali si ndoto tena: Sweden iliiweka haki hiyo kwenye sheria mwaka 1766, na mataifa mengi yamefuata. Lakini sheria mama inatoa haki, kanuni inaeleza haki hiyo, na dirishani kuna tabaka la tatu, lile la "ndivyo tunavyofanya hapa", ambalo halimo kwenye katiba wala kwenye kanuni. Hilo ndilo linalotugusa sisi. Mwananchi wa kawaida anaweza kumaliza maisha yake bila kushika nakala ya sheria mkononi, lakini atakutana na dirisha mara nyingi mno.

Mnatuambia kwamba kutojua sheria si utetezi mahakamani. Nakubali, bila hivyo kila mhalifu angedai hajui. Ila msemo huo una upande wa pili unaowabana ninyi: anayetaka kuniadhibu kwa kutojua ana wajibu wa kunijulisha. Kaisari Caligula, aliyetawala Roma kuanzia mwaka 37 hadi 41 baada ya Kristo, anakumbukwa kwa kuweka kodi mpya bila kuzibandika, watu wakawa wanakosa bila kujua. Walipolalamika, mwanahistoria mmoja wa Kirumi anasimulia, aliibandika sheria hiyo kwa maandishi madogo sana mahali pembamba, ili mtu asiweze kuinakili. Tunamhesabu miongoni mwa watawala wabaya kabisa. Lakini tangazo linalosema vitu vitatu huku vikidaiwa vinne linamfanyia msomaji jambo lilelile, hata kama aliyelibandika hakuwa na nia hiyo.

Kuna hila nyingine iliyo mbaya kuliko kutoandika: kuandika sheria kwa makusudi huku ukiiachia tundu. Katiba ya jimbo la Mississippi ya mwaka 1890, huko Marekani, ilimtaka anayejiandikisha kupiga kura aweze kusoma kifungu cha katiba, au akisomewa akielewe, au akieleze ipasavyo. Maneno hayo hayamtaji mtu mweusi hata mara moja. Ila aliyeamua kama kifungu kimeelezwa ipasavyo ni afisa wa uandikishaji, na afisa alikuwa na kanuni yake isiyoandikwa ambayo kila mtu aliijua: Mzungu apite, Mweusi afeli. Mwalimu Mweusi aliweza kufelishwa na Mzungu asiyejua kusoma akapitishwa. Hali hiyo ilidumu miongo kadhaa hadi sheria ya haki ya kupiga kura ya mwaka 1965 ilipoanza kuizima mitihani ya namna hiyo.

Ndiyo maana nawaomba watunga sheria mtazame kwa makini kila mnapoandika "au kama afisa atakavyoona inafaa", "na nyaraka nyingine zitakazohitajika", "kwa sababu za kuridhisha". Najua haviwezi kuondolewa vyote. Maisha yana mambo mengi kuliko kalamu, na afisa mwenye busara anahitaji nafasi ya kumsaidia mtu ambaye hali yake haikufikiriwa na sheria. Nafasi hiyo iwe ya kusaidia. Ikitumika kukataa, aliyeitumia aandike sababu na aweke saini yake. Hilo "na nyaraka nyingine zitakazohitajika" ndilo lililozaa barua ya yule mama. Lichunguzeni kwenye fomu zenu, mtalikuta mwishoni kabisa, baada ya orodha.

Mtaniuliza, je, tuandike kila kitu? Hapana, na hapa nataka nisieleweke vibaya.

Wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walichapisha mwaka 2000 utafiti uliofanyika katika vituo 10 vya kulelea watoto huko Haifa, Israeli. Wazazi wengine walikuwa wanachelewa kuwachukua watoto, na walezi wanabaki kuwasubiri. Haikuwapo adhabu yoyote. Kilichowafanya wengi wawahi ni aibu tu, kwamba si vizuri kumweka mwalimu wa watu hadi jioni. Vituo 6 vikaanzisha faini ndogo. Kuchelewa hakukupungua, kuliongezeka hadi karibu mara mbili, na hata faini ilipofutwa hakukurudi kulikokuwa. Wazazi walikuwa wanadaiwa utu, sasa wakawa wanadaiwa fedha, na aliyelipa alijiona amemaliza deni. Ile aibu haikurejea.

Kwa hiyo tafadhali, msikimbilie kutunga sheria kwa kila jambo ambalo watu wanaliendesha wenyewe kwa adabu. Msitoze faini pale ambapo aibu inafanya kazi vizuri. Hata ndani ya ofisi zenu kuna ujuzi usioandikika. Wafanyakazi wakitaka kugoma bila kugoma, huamua kufuata kila kanuni neno kwa neno, na kazi inasimama. Wanajua wenyewe kwamba kazi huenda kwa sababu ya ule wema mdogomdogo ambao haumo kwenye mwongozo: kumsaidia mtu kujaza fomu, kumpigia mwenzako wa idara nyingine ili mwananchi asizungushwe, kukaa dakika chache baada ya saa za kazi kumaliza faili la aliyetoka mbali. Huo nauheshimu kwa moyo wote, na mtumishi anayeufanya anastahili shukrani zaidi ya anazopata.

Mpaka nauona hapa: kanuni inayompa mtu zaidi ya haki yake kwa wema, iacheni ikae mioyoni. Inayompunguzia, iwekeni kwenye karatasi.

Nina sababu moja zaidi ya kushikilia jambo hili, na inawahusu walio juu kabisa. Kanuni isiyoandikwa haitubani sote sawasawa. Mnyonge inambana kwa lazima, kwa kuwa mwenye mhuri yupo mbele yake. Mwenye nguvu inambana kwa hiari yake tu. Marekani, tangu George Washington alipokataa kugombea kipindi cha tatu, hapakuwa na Rais aliyechaguliwa zaidi ya mara mbili, ingawa katiba haikukataza. Ilikuwa heshima tu, na ilidumu zaidi ya miaka 140. Mwaka 1940 Franklin Roosevelt akachaguliwa mara ya tatu, na mwaka 1944 mara ya nne, kwa kura halali kabisa. Wamarekani wakaona kwamba heshima peke yake haikutosha, na kufikia mwaka 1951 ukomo wa vipindi viwili ukawa ndani ya katiba.

Mfano mwingine uko New York, kwenye magari ya mabalozi wa Umoja wa Mataifa, ambao kwa miaka mingi walikuwa na kinga dhidi ya faini za kuegesha vibaya. Kinga ilikuwa moja kwa wote. Ujumbe wa nchi kama Norwei, Sweden na Japani haukulimbikiza faini. Wa nchi nyingine ulilimbikiza kwa mamia. Mji ulipopewa uwezo wa kuondoa namba za kidiplomasia kwenye magari ya wakosaji, mwishoni mwa 2002, makosa yalishuka kwa zaidi ya asilimia 90. Wale wa kwanza walibanwa na dhamiri wala hawakuhitaji sheria. Wa pili walihitaji sheria, tena yenye meno. Tatizo ni kwamba sisi huku nje ya kioo hatuna namna ya kujua mapema kama tumeangukia kwa wa kwanza au kwa wa pili, na haki yetu haipaswi kutegemea bahati hiyo.

Sasa nisemacho kifanyike. Kila mkuu wa ofisi akae na watumishi wake wa dirishani, siyo na manaibu wake peke yao, awaulize wanadai nini ambacho hakimo kwenye tangazo. Watamwambia, kwa sababu wengi hawakuyabuni masharti hayo. Waliyakuta, au walipokea simu ya "agizo kutoka juu" isiyofuatiwa na waraka. Kila sharti litakaloibuka litafutiwe kifungu. Lenye kifungu liingizwe kwenye tangazo pamoja na namba ya kifungu hicho na tarehe. Lisilo na kifungu lakini lina maana lipelekwe kwa wenye mamlaka ya kutunga kanuni, na mpaka litakapopitishwa lisidaiwe kwa mtu yeyote, awe mgeni wa mtumishi au asiwe. Yaliyobaki yaachwe siku hiyohiyo. Matangazo ya zamani yabanduliwe. Tangazo lililopitwa na wakati ni mtego, na wanaonaswa ni wale waliojitahidi kulisoma.

Watunga sheria nao wana lao. Zipo sheria zilizoandikwa ambazo hakuna anayezitekeleza, zimelala vitabuni hadi siku afisa anapotaka kumkomoa mtu, ndipo anaziamsha. Sheria ya namna hiyo ni ndugu wa sharti lisiloandikwa, kwa kuwa inayotawala hasa ni ile kanuni ya kimyakimya inayoamua nani aamshiwe na nani asiamshiwe. Zipitieni. Inayohitajika itekelezwe kwa wote, isiyohitajika ifutwe.

Na kwa hali yoyote, hata kabla ya hayo yote hayajafanyika, kuna hatua ambayo haihitaji bajeti wala kikao cha bunge. Mtu yeyote anayegeuziwa dirishani asiondoke mikono mitupu. Aandikiwe karatasi, hata ya nusu ukurasa, inayosema ameomba nini, amekataliwa kwa kifungu gani, amekataliwa na nani, tarehe ngapi, na akitaka kupinga aende wapi na ndani ya siku ngapi. Nakala ibaki ofisini na ihesabiwe kwenye taarifa ya mwezi. Mtumishi atakayetakiwa kujaza nafasi ya kifungu na akakosa cha kuandika, ampokee mtu huyo karatasi zake.

Nawasilisha kwa heshima.

Mwananchi wa upande wa nje wa kioo